Bi Mshauri Anajibu: "Binti yangu amepata nafasi ya saikolojia. Atasoma nini?"

*Assalam aleikum Bi Mshauri. Mimi ni mjane, naishi Bombo, nasuka kawa na vikapu na kuviuza. Kifungua mimba wangu amepata nafasi Makerere asome Saikolojia ya Jamii, miaka 3. Nimefurahi, lakini baba yake mdogo, ambaye ndiye atakayetusaidia karo, amesema hiyo ni kozi ya watu wa Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwamba mtoto atarudi nyumbani akitusoma mawazo. Jirani naye kasema ni kozi ya maneno tu, haina kazi. Mimi sikupita darasa la saba. Nieleze kwa lugha nyepesi: huko darasani watamfundisha nini hasa? — Mama wa Bombo*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama yangu angeandika barua kama hii mwaka niliopata nafasi mimi, kama angejua pa kuipeleka. Kwetu ni Walukuba, Jinja. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na jioni niliyomwambia naenda kusoma saikolojia aliweka kikombe chini akaniuliza: "Hiyo wanapima kwa chombo gani?" Hakuuliza kwa dharau. Fundi ndivyo anavyouliza. Sikuwa na jibu. Leo nimekaa na watu wenye shida zao kwa zaidi ya miaka 20, na naona kwamba baba aliligusa somo lenyewe kwa swali moja.

La kusoma mawazo tulimalize kwanza. Hakuna somo la namna hiyo, wala mhadhiri wake, wala mtihani wake. Anayejua mawazo ya mwenzake ni yule aliyeambiwa.

Ataanza na historia fupi: jinsi Mjerumani Wilhelm Wundt alivyofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879 na kuanza kupima mambo ya nafsi kama wengine walivyokuwa wakipima joto na uzito. Atamsoma Pavlov wa Urusi na mbwa wake waliojifunza kutokwa na mate kabla chakula hakijafika. Atamsoma Ebbinghaus, aliyejikaririsha silabi zisizo na maana ili ajue kumbukumbu hufifia kwa kasi gani. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1885. Atachora ubongo na neva mpaka aote. Kuna masomo ya ukuaji wa mtoto, ya haiba (yaani tabia ya kudumu inayomtofautisha mtu na mwenzake), ya tabia za watu wakiwa kundini, ya kazi na wafanyakazi, ya ushauri nasaha. Magonjwa ya akili yamo pia, lakini ni somo moja kati ya mengi. Mpangilio hutofautiana chuo na chuo.

Somo litakalomtoa jasho ni takwimu, na nalisema mapema ili usishtuke akikupigia simu analia. Wengi wetu tuliingia tukidhani tumeikimbia hesabu. Mimi muhula wa kwanza nilifeli, nikarudia mtihani. Hakuna aliyenionea. Sikuwa nimeelewa kwamba hesabu ndicho kile chombo alichoniuliza baba.

Nikueleze kwa kazi yako. Tuseme kwa wiki 4 wewe umesuka kawa 4, 4, 4 na 4. Jirani yako kasuka 1, 7, 2 na 6. Kila mmoja ana kawa 16, wastani wa kila mmoja ni 4 kwa wiki. Anayetazama wastani peke yake atasema mko sawa. Lakini mwenye duka anayetaka mzigo kila Ijumaa anajua hamko sawa hata kidogo. Kule kupanda na kushuka kwa jirani kuna hesabu yake, na binti yako atajifunza kuikokotoa kwa mkono kwanza, kisha kwa kompyuta. Baada ya hapo ndipo linakuja swali zito: ile wiki aliyosuka kawa 1 kulikuwa na nini? Mtoto aliugua? Ukindu ulikosekana? Mvua ilinyesha? Kama mvua na uchache wa kawa vimekuja pamoja, je, mvua ndiyo iliyoleta uchache, au vyote viwili vimeletwa na jambo la tatu? Mwanafunzi anayelizoea swali hili anakuwa mtu mwingine. Akisikia "watoto wa siku hizi wameharibika kwa sababu ya simu," hatikisi kichwa tu. Anauliza: umewahesabu wangapi, ukawalinganisha na nani?

Sasa nikwambie jambo ambalo sisi tulifundishwa haraka haraka, na mimi ningetaka kila mwanafunzi wa Uganda alijue kabla ya Pavlov. Sehemu ya elimu hii imetoka kwetu. Mwaka 1954 alikuja Kampala mwanamke mmoja aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, Mary Ainsworth, amefuatana na mumewe aliyepata kazi ya utafiti. Alitaka kujua mtoto wa Kiganda akiachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi yake huumia namna gani. Kufika vijijini akakuta wengi wameshaiacha desturi hiyo. Basi hakulazimisha, akabadili swali. Alizitembelea familia 26 karibu kila wiki mbili, saa mbili kila safari, akiwa na mkalimani, akaketi sebuleni pamoja na akina mama saa za alasiri wanapopokea wageni, akitazama watoto na kuandika.

Aliona nini? Kile unachokiona wewe kila siku. Mtoto anatambaa kwenda kumchungulia mgeni, anageuka kuhakikisha mama yupo, kisha anaendelea na safari yake. Mama akiinuka, mtoto analia na kumfuata. Ainsworth akaona kwamba mama kwa mtoto ni kituo cha usalama: mtoto huthubutu kwenda mbali kwa kuwa anajua pa kurudi. Akaona pia watoto hawako sawa katika hilo, na akaanza kuhusisha tofauti zao na jinsi wanavyolelewa. Baadaye aliendeleza kazi hiyo Baltimore, Marekani, na kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Leo mwanafunzi yeyote wa saikolojia, awe London au Nairobi, anasoma habari za mtoto na mama kwa misingi iliyochimbwa pia kwenye sebule za Waganda. Nilipoijua habari hii nilikasirika kidogo kwamba sikuambiwa siku ya kwanza. Mwambie binti yako wewe, kabla hajapanda basi.

Kuna na la akili. Mtafiti Mallory Wober, ambaye matokeo yake yalichapishwa miaka ya 1970, aliwauliza watu wa Buganda wanaielewaje *obugezi*, ambayo ndiyo akili au busara. Watu wa vijijini waliihusisha na utaratibu na kutokuwa na haraka. Vipimo vya akili vilivyotoka Ulaya vilikuwa vinawapa alama wanaojibu upesi. Sasa mzee anayefikiri kwanza ndipo ajibu, kipimo hicho kitamwita mjinga. Unaona swali la baba linavyorudi?

Na linarudi tena Masaka na Rakai. Ukimwi ulipowamaliza watu huko, watafiti walitaka kujua kama waliobaki wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hawakuanza na karatasi ya maswali iliyoandikwa Marekani. Waliwauliza wenyeji kwanza: shida zenu mnaziitaje? Wakapata neno *okwekyawa*, mtu kujichukia, na jingine la mtu kujisikitikia. Ndipo wakachukua hojaji iliyokuwepo, wakairekebisha ilingane na maneno hayo. Kisha katika vijiji 30 wakafanya jaribio: vijiji vingine vikapata vikundi vya kukutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, na vingine vikabaki bila vikundi ili ilinganishwe. Waliokaa vikundini walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mimi nilikuwa tayari kazini, na yalibadili namna ninavyouliza. Mtu akikaa mbele yangu simuulizi "una sonona?" Namwachia aseme mwenyewe: mawazo yamezidi, moyo umechoka, usingizi umeniruka. Nikishapata neno lake, ndipo naanza kupima.

Mbali na darasa, binti yako atapelekwa mafunzo ya vitendo. Wengine huenda hospitali, wengine magereza, shule, viwanda, au kambi za wakimbizi kule Nakivale na Bidi Bidi. Humo atagundua kwamba Kinubi chake na Kiswahili chake ni mali. Masomo yote ni kwa Kiingereza, lakini wenye shida hawaji na Kiingereza. Na kabla ya kuhitimu atafanya utafiti wake mdogo na kuuandika. Mwambie achague jambo analolijua. Ningefurahi mtu aandike juu ya wasusi wa Bombo.

Kuhusu kazi, jirani yako ana sehemu ya ukweli. Shahada ya kwanza haimfanyi mtu tabibu. Anayetaka kutibu lazima aongeze shahada ya pili, hasa ya saikolojia tiba. Lakini wenye shahada ya kwanza wapo katika mashirika ya misaada, ofisi za wafanyakazi, shule na miradi ya afya. Wapo pia wanaotafuta bado, sikufichi. Aingie akijua hilo, na ajitolee mahali mapema, likizo ya mwaka wa kwanza.

Na shemeji yako mwambie hivi kwa heshima zote: Butabika ni hospitali, imefunguliwa mwaka 1955, na wanaolazwa humo ni watoto na wazazi wa watu. Kama binti yetu ataishia kufanya kazi pale, mimi nitakuja Bombo kumpongeza yeye na wewe.

*Bi Mshauri, niko kidato cha sita hapa Arua, nasoma Historia, Uchumi na Jiografia. Ndoto yangu ni kuwa daktari wa magonjwa ya akili, niandike dawa. Nichague saikolojia? — Mwanafunzi, Arua*

Mwanangu, hapana, na afadhali ulijue leo. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Husoma udaktari miaka 5, afanye mwaka wa mazoezi hospitalini, ndipo arudi kusomea magonjwa ya akili. Kuingia udaktari kunataka Baiolojia na Kemia, nawe huna. Mwanasaikolojia ni mtu mwingine: anasikiliza, anapima, anasaidia mtu kwa mazungumzo yenye utaratibu, lakini haandiki dawa. Kwa masomo yako njia hiyo ya pili iko wazi. Jiulize kinachokuvuta ni dawa au ni mtu. Kama ni dawa kweli, zungumza na mwalimu wako wa taaluma kabla hujajaza fomu yoyote. Kuna njia ndefu zaidi za kupitia masomo ya afya ya ngazi ya chini, lakini hizo nazo zinataka sayansi.

*Bi Mshauri, nasoma saikolojia mwaka wa pili, nakaa hosteli Wandegeya. Tangu tuanze somo la magonjwa ya akili nimejikuta nayo yote. Juzi nilikuwa na hofu kupita kiasi, wiki hii naona nina sonona. Na dada yangu mkubwa nadhani ana tatizo la haiba. Nimuambie? — Nimechanganyikiwa, Kampala*

Mdogo wangu, usiogope. Jambo hili linawapata wanafunzi wengi wa udaktari na wa saikolojia, na mimi lilinipata na somo hilohilo. Kitabu kimeorodhesha mambo ya kila binadamu: kukosa usingizi, kukosa hamu, wasiwasi. Wewe umesoma orodha ukaruka mstari wa chini. Rudi kausome. Sonona inataka dalili kadhaa kwa pamoja, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki 2, na ziwe zinakuvuruga kweli katika masomo, chakula na watu wako. Jana ulikosa usingizi kwa sababu hosteli ilikuwa na kelele, au una mtihani Jumatatu.

Lakini sikuambii upuuze. Chukua daftari, na kwa siku 14 andika saa ulizolala, ulichokula, na kama ulikwenda darasani. Usiandike jina la ugonjwa wowote. Siku ya 15 lichukue daftari hilo kwa mshauri wa chuo chenu, akusomee yeye. Hatujipimi wenyewe, hata sisi tuliokaa kazini miaka mingi. Mimi nina mwenzangu ninayekwenda kuketi mbele yake kila mwezi.

Kwa dada yako, usimwambie neno. Hajakuomba umpime, na mwaka wa pili haujakupa chombo cha kumpimia. Kama mmegombana, mpigie kama mdogo wake na mzungumze juu ya hilo mlilogombania.