Kugeuza nyaraka za Word kuwa violezo kwa mkupuo: unalipwa kwa kusafisha, si kwa kubonyeza

Wikiendi hii kijana mmoja mwenye steshenari Mbeya kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata kazi kwenye ofisi moja, wana folda ya barua na mikataba ya Word, wanataka zote ziwe violezo. Nimebadilisha majina ya mafaili, palipokuwa na .docx nimeweka .dotx, lakini Word inagoma kuyafungua. Nifanyeje, na niwatoze shilingi ngapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa asiyejua, kiolezo ni waraka mama: kila ukiufungua unazaa waraka mpya. Swali la kwanza lina jibu fupi. La pili limenigusa penyewe, kwa hiyo nivumilie.

Word inagoma kwa sababu umebadilisha bango la nje tu. Chukua .docx yoyote, tengeneza nakala yake, mwisho wa jina uandike .zip halafu uifungue. Utakuta ni kifurushi chenye folda na mafaili madogo madogo, mojawapo linaitwa [Content_Types].xml. Humo kuna mstari unaoiambia Word kama kilichomo ni waraka wa kawaida au ni kiolezo. Wewe nje umeandika kiolezo, ndani bado panasomeka waraka, Word ikiona maneno mawili yanapingana inakataa. Mambo haya ya .docx na .dotx yalikuja na Office 2007. Kabla ya hapo zilikuwa .doc na .dot, na ofisi zenye .doc za enzi hizo bado zimejaa. Kwa hiyo kugeuza kunafanywa na programu yenyewe kwa Save As, au kwa makro (maagizo mafupi unayoiandikia Word) inayoifanya Save As hiyo kwa niaba yako. Makro nitakupa huko chini. Usiikimbilie.

Mimi kazi ya namna hii niliipata kwenye ofisi ya mawakili. Wakati huo nilikuwa nachapa kwa ukurasa kama wengine wote, natoa kopi, nafanya laminesheni ya vyeti, na moyoni najua hii biashara ya kopi haitanifikisha popote. Najua wengi mnaosoma hapa mko hapo hapo au mmepitia hapo: unataka ofisi ikuite wewe kama mtaalamu, si mwanafunzi aje na flashi yenye virusi akuombe umprintie kurasa mbili kwa mkopo. Basi karani wa ile ofisi alikuwa anakuja kwangu mashine yao ya kopi ikiharibika, tukazoeana, siku moja akaniambia bosi wake anatafuta mtu wa "kuweka mikataba vizuri".

Nikaenda. Nilichokikuta kwenye ile kompyuta sijawahi kukisahau.

MKATABA WA PANGO FINAL. MKATABA WA PANGO FINAL 2. MKATABA WA PANGO MPYA TUMIA HUU. Halafu kuna Copy of MKATABA WA PANGO MPYA TUMIA HUU. Utaratibu wao ulikuwa huu: akija mteja, karani anafungua mkataba wa mteja aliyepita, anafuta jina, anaandika jipya, anaprinti. Nilifungua mmoja wa fremu ya duka, ukurasa wa kwanza mpangaji ni Bibi fulani, kufika kwenye kifungu cha kodi amekuwa Bwana mwingine kabisa, na namba ya NIDA iliyokaa pale chini ni ya mtu wa tatu. Na huo mkataba ulishasainiwa na kugongwa mhuri!

Wakili akaniambia, "Dada yangu, zote hizi zigeuze ziwe violezo." Nikamwambia hapana.

Na wewe ukiambiwa "zote", sema hapana. Nyaraka mia tatu hazizai violezo mia tatu. Ukizigeuza zote jinsi zilivyo, utakuwa umeihamisha takataka kutoka folda moja kwenda nyingine, na safari hii umeipa heshima ya kuitwa kiolezo. Kaa na karani, si na bosi, karani ndiye anayejua ni mkataba upi hutumika kweli. Panga kwa aina: pango la nyumba, pango la fremu, mauziano ya kiwanja, hati ya kiapo, notisi ya madai, barua yenye kichwa cha ofisi. Ile folda yote ilikuja kubaki na aina chache tu. Nyingine zote zilikuwa mapacha wa hizo.

Halafu anza kusafisha, na hapa ndipo jasho linapotoka. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama zilizofichika. Utaona mtu kasukuma kichwa cha habari katikati ya ukurasa kwa kibonyezo cha nafasi, na kwenda ukurasa mpya kapiga Enter mpaka akafika. Hizo Enter zote ondoa, weka Ctrl+Enter mahali pake. Vichwa vipe mtindo wa Heading, vifungu vipe namba za Word zenyewe, maana namba zilizochapwa kwa mkono zinavurugika siku mtu akiongeza kifungu cha saba katikati.

Majina ya watu yatoe. Pale pa kujaza usiache nukta nukta zile za kwenye fomu za karatasi, kwa sababu mtu akianza kuandika juu yake mstari unakimbia. Washa Developer kupitia File, Options, Customize Ribbon, uweke visanduku vya kujazia. Kama jina la mpangaji linajirudia mara sita, tumia Insert, Quick Parts, Document Property, uchague kisanduku kimoja, tuseme Subject, ukiweke sehemu zote sita. Karani akiandika jina mara moja, zile nyingine tano zinajijaza. Nilipomwonyesha yule mama karani hiki kitu alipiga makofi. Kweli kabisa, alipiga makofi ofisini, wateja wakageuka kuangalia. Mikataba ya mtu mmoja mwenye majina matatu ikaishia hapo.

Tarehe nayo iangalie kwa jicho kali. Ukiingiza tarehe kwa Insert, Date & Time, na ukaweka tiki kwenye Update automatically, Word inaweka sehemu inayojijaza iitwayo DATE, na hiyo inajibadilisha. Mkataba wa mwaka jana ukiufungua leo kutoa nakala, unaweza kukuambia umeandikwa leo. Kwa barua ya kawaida ni aibu, kwa mkataba ni kesi. Kwenye kiolezo weka CREATEDATE: Ctrl+F9, andika neno hilo ndani ya mabano yanayotokea, kisha F9. Hiyo inashika tarehe ambayo waraka mpya ulizaliwa kutoka kwenye kiolezo, na inabaki hapo.

Kuna uchafu mwingine usioonekana kwa macho: maoni ya pembeni, masahihisho ya Track Changes ambayo hayajakubaliwa, jina la aliyechapa mwanzo. File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Fanya ukaguzi huu kabla hujaweka vile visanduku vya Document Property, kwa sababu mkaguzi anafuta na taarifa ambazo visanduku vinazitegemea. Na usiuone ni urembo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019. Namba ya NIDA ya mpangaji wa zamani iliyojificha kwenye kiolezo itatoka kwenye kila mkataba mpya. Kwa sababu hiyo hiyo, zile tovuti za "geuza faili lako bure" achana nazo. Unapandisha mikataba ya watu kwenye kompyuta ya nani? Huwajui.

Sasa makro. Zile safi ziweke kwenye folda moja, C:\Kazi\Safi, zikiwa .docx, tengeneza folda nyingine tupu ya kupokelea, C:\Kazi\Violezo, fungua Word, Alt+F11, Insert, Module, ubandike hii:

Sub GeuzaViolezo()
Dim jina As String, d As Document
jina = Dir("C:\Kazi\Safi\*.docx")
Do While jina <> ""
Set d = Documents.Open("C:\Kazi\Safi\" & jina)
d.SaveAs2 FileName:="C:\Kazi\Violezo\" & Left(jina, Len(jina) - 5) & ".dotx", FileFormat:=wdFormatXMLTemplate
d.Close SaveChanges:=False
jina = Dir
Loop
End Sub

Bonyeza F5. Basi. Waraka wenye nywila utaisimamisha makro njiani kuuliza, hivyo nywila ziondoe mapema. Zile .doc za zamani zifungue kwanza, File, Info, Convert, uzihifadhi kama .docx, la sivyo zitabeba Compatibility Mode (hali ya Word ya zamani) mpaka ndani ya kiolezo na visanduku vitakusumbua.

Kama huna Word, LibreOffice inafanya pia; waraka wake ni .odt, kiolezo chake ni .ott. Kwenye Ubuntu ingia kwenye folda uandike: soffice --headless --convert-to ott --outdir violezo *.odt. Ila funga kwanza madirisha yote ya LibreOffice, maana likiwepo hata moja wazi amri inaweza kumaliza kimya kimya, hakuna kosa, hakuna faili, unabaki unashangaa. Na kama ofisi yao inatumia Word, usiwapelekee .ott. Ukigeuza .docx zao kwa LibreOffice, nembo na kichwa cha barua vikague kimoja kimoja, hupenda kuhama.

Nirudi kwangu. Makro niliiendesha pale pale ofisini, wakili amekaa pembeni yangu. Vikafunguka, vikafunga, vikafunguka, vikafunga, folda ikajaa. Akaangalia saa. Akasema, "Kumbe ni dakika mbili tu? Sasa dada yangu, dakika mbili ndiyo unataka hela yote hiyo?"

Nilimweleza. Nikamwonyesha nyaraka za mwanzo na za mwisho, nikamkumbusha Bibi aliyegeuka Bwana. Akacheka, akasema yeye analipia kazi aliyoiona. Akanipa nusu, na hiyo nusu aliitoa kama anayetoa sadaka. Baadaye nikasikia kutoka kwa karani kwamba wageni wakisifia mikataba yao, bosi husema "kijana wetu wa ofisini" ndiye aliyeitengeneza. Kijana! Hata kuwa mwanamke nimenyang'anywa.

Imepita muda, lakini nikipita mtaa ule bado naangalia upande wa pili. Wanaosema sahau, wenyewe hawajawahi kuinama usiku wakifuta Enter za watu.

Vijana wa steshenari, mnisikilize. Sisi wenyewe tumewazoesha watu kuhesabu kurasa na dakika. Mteja anaingia, anauliza "kuchapa shilingi ngapi", tunamjibu kabla hatujaona kitu chenyewe. Wakili yule yule anatoza ushauri wa nusu saa bila kuprinti hata karatasi moja, na hakuna anayemwambia ameongea tu. Elimu yake ina bei, yako je? Acheni unyonge. Acheni pia kuharibiana bei: wewe ukikubali kazi ya kusafisha mikataba kwa bei ya kuchapa barua ya utambulisho, mwenzako wa mtaa wa pili ataambiwa "mbona fulani kafanya kwa buku mbili". Na acheni kufanya kazi ya ofisi kwa mdomo, kwa sababu mdomo hauna mhuri.

Sasa wewe wa Mbeya, bei sikutajii, sijaiona folda yako. Lakini profoma yako, yaani karatasi ya bei unayompa mteja kabla ya kazi, iandike kwa mistari. Mstari wa kwanza, kukagua na kupanga nyaraka kwa aina. Wa pili, kusafisha, bei kwa kila aina ya waraka, si kwa ukurasa. Wa tatu, visanduku vya kujazia. Wa nne, kumfundisha karani, kwa sababu usipomfundisha ataendelea kufungua mkataba wa mteja wa jana: mwonyeshe kwamba kiolezo ukikibofya mara mbili kinazaa waraka mpya usio na jina, chenyewe hakiguswi. Kugeuza kuwa .dotx andika "bure". Nakuhakikishia bosi atakodolea macho hilo neno na hatagombana na mengine. Nusu ya malipo ichukue mbele.

Ukikabidhi, wape folda ya violezo tu, waiweke kwenye kompyuta ambayo wote wanaifikia, na kwenye kila mashine uelekeze njia kupitia File, Options, Advanced, File Locations, Workgroup templates. Zile .docx safi baki na nakala yake, lakini omba ruhusa yao kwa maandishi, na hakikisha hazina jina la mteja yeyote. Siku wakibadilisha sanduku la posta au namba ya simu, utarekebisha kwenye zile, uendeshe makro upya, violezo vyote vitoke vipya kwa pamoja. Mikataba iliyokwishaandikwa haitaguswa, wasije wakakupigia simu kuuliza mbona ya zamani bado ina namba ya zamani. Na hiyo kazi ya kurekebisha nayo ina profoma yake.