Kuiga mashine ya michezo iliyoishi miaka miwili: ushauri kwa wanaoanza, kutoka Kigoma

Vijana wengi wanaojiunga na kikundi chetu cha programu pale Mwanga, Kigoma mjini, huja wakiwa tayari wamecheza michezo ya zamani kwenye simu kwa kutumia emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ifuate tabia za mashine nyingine hadi mchezo usitambue tofauti. Baada ya muda hutamani kutengeneza badala ya kucheza, na wengi wao huvutiwa na mashine ambazo bado hazijaigwa vizuri, kwa hoja kwamba huko ndiko kazi iliko. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inaficha jambo moja: mashine iliyodumu sokoni kwa muda mfupi humpa mwigaji ushahidi mchache, na ushahidi mchache unadai nidhamu ya namna yake. Nitalieleza jambo hilo kwa mfano wa Hyper Neo Geo 64 ya kampuni ya SNK.

SNK ya Osaka, Japani, ilikuwa imejijengea jina kwa MVS, mashine ya michezo ya sarafu iliyotoka 1990 ikiwa na prosesa (chipu inayotekeleza amri za programu) ya Motorola 68000 ya megahezi 12 na Z80 ya megahezi 4 kwa ajili ya sauti. Mwaka 1997 ilitoa Hyper Neo Geo 64 ili kuingia katika picha za pande tatu, ambazo washindani wake walikuwa wameshazizoea. Mashine hiyo ilipata michezo 7 tu: Road's Edge na Samurai Shodown 64 mwaka 1997, Xtreme Rally, Beast Busters: Second Nightmare na Samurai Shodown 64: Warriors Rage mwaka 1998, kisha Fatal Fury: Wild Ambition na Buriki One mwaka 1999. Baada ya hapo haikutoka mingine, na mwaka 2001 kampuni yenyewe ikafilisika. MVS iliyokusudiwa kurithiwa iliendelea kupata michezo mipya hadi 2004, kwa hiyo mrithi alitangulia kuzikwa.

Ndani ya bodi, yaani ubao wa saketi wa Hyper Neo Geo 64, kazi kuu inafanywa na prosesa ya NEC VR4300 ya biti 64, inayokwenda kwa megahezi 100 na iliyo ndugu wa karibu wa ile ya Nintendo 64. Sauti inasimamiwa na prosesa nyingine ya NEC, V53, na vitufe vinasomwa na chipu ndogo ya Toshiba ya familia ya TLCS-870. Prosesa hizi zinajulikana na vitabu vyake vipo. Ugumu uko kwenye chipu za picha, ambazo ni za SNK yenyewe. Chipu ya namna hiyo huigwa kwa kuutazama mchezo wenyewe: unaona namba gani imeandikwa kwenye anwani gani (nafasi gani ya kumbukumbu), wakati gani, kisha unakisia chipu ilipaswa kufanya nini.

Sasa linganisheni kazi hiyo katika mashine hizi mbili. MVS ina michezo zaidi ya mia moja, na mtu akikisia vibaya maana ya biti moja katika picha, mapema au baadaye mchezo mmojawapo utamsuta. Hyper Neo Geo 64 ina michezo 7, na hata hiyo haikai pamoja, kwa sababu bodi zilitofautiana kulingana na aina ya mchezo: katriji ya mbio za magari haikutumika katika bodi ya mapigano. Ukiigawa hivyo, unabaki na michezo minne ya mapigano, miwili ya magari, na mmoja tu wa kulenga kwa bunduki. Chochote utakachokisia kuhusu bunduki kitapimwa na Beast Busters peke yake, na mchezo mmoja unaweza kukubaliana na makisio kadhaa yanayopingana.

Kwa sababu hiyo ninawasihi muweke daftari, la karatasi au la kompyuta, ambamo mambo mliyoyaona hayachanganywi na mambo mliyoyakisia. Kwamba mchezo umeandika namba fulani kwenye anwani fulani mara moja kwa kila picha, hilo umeliona. Kwamba anwani hiyo inahusu mwanga, hilo umelikisia, hata kama skrini imependeza baada ya kuliamini. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakikwama kwa wiki nzima kwa sababu kisio la siku ya kwanza lilikuwa limeshageuka kuwa ukweli ndani ya msimbo wao, yaani maandishi ya programu, na hakuna aliyekumbuka kulirudia.

Picha za video zilizorekodiwa kutoka mashine halisi ni ushahidi mzuri, hasa wa rangi, kasi na mpangilio wa vitu kwenye skrini. Toleo la mchezo huohuo katika mashine nyingine si ushahidi wa aina hiyo. Wild Ambition ilihamishiwa PlayStation, lakini huko ilichorwa kwa chipu tofauti kabisa, na anayeitumia kusahihisha rangi za bodi ya SNK anapima nguo kwa mwili wa mtu mwingine.

Hapa kwetu tuna MV Liemba, ambayo wengi wenu mmeiona ikiwa imetia nanga. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma kwa vipande, kisha mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa maadui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi, na baada ya kuibuliwa mwaka 1924 iliweza kutengenezwa na kurudi kazini 1927. Kampuni za michezo ya sarafu hazikuwa na desturi ya kupaka grisi. Zilipoacha kuuza bodi, zilihamia bidhaa nyingine, na maarifa ya wahandisi yakaondoka na wahandisi.

Msianze na mashine hii. Anzeni na CHIP-8, ambayo ni mashine ya kufikirika iliyobuniwa na Joseph Weisbecker katika miaka ya 1970, yenye amri 35, kumbukumbu ya baiti 4096 na skrini ya nukta 64 kwa 32. Mwanafunzi anayejua lugha moja ya programu anaweza kuimaliza bila msaada mkubwa, na faida yake ni kuona kwa macho kwamba emuleta ni mzunguko usiokoma wa kuchukua amri, kuitambua na kuitekeleza.

Hatua ya pili ninayoipendekeza ni Space Invaders ya mwaka 1978, nayo inastahili muda zaidi. Prosesa yake ni Intel 8080 ya megahezi 2, na kumbukumbu ya skrini inaanzia anwani 2400 katika hesabu ya msingi wa 16, biti moja kwa kila nukta, skrini yenyewe ikiwa imelazwa ubavu. Kinachoufanya mchezo huu kuwa mwalimu mzuri ni saketi moja iliyo nje ya prosesa. Intel 8080 haina amri ya kusogeza biti kwa hatua nyingi kwa mara moja, na mchezo ulihitaji kufanya hivyo kila unaposogeza picha kwa nukta chache. Kwa hiyo Taito, watengenezaji wa mchezo huo, waliongeza saketi ya kusogeza biti, ambayo mchezo huipa kiwango kupitia mlango wa 2, data kupitia mlango wa 4, na kusoma jibu kupitia mlango wa 3. Ukiiga 8080 kikamilifu na kuisahau saketi hiyo, programu itakwenda bila kulalamika huku vitu vinavyosogea vikichorwa ovyo. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwamba kuiga mashine ni zaidi ya kuiga prosesa yake. Prosesa ya mchezo huu pia hukatizwa, yaani huachishwa kwa muda kazi iliyokuwa ikifanya, mara mbili kwa kila picha, mara moja skrini inapofika katikati na mara ya pili inapokwisha, na anayekosea mpangilio huo hujifunza umuhimu wa wakati mapema, kabla ya kukutana na bodi yenye prosesa kadhaa.

Tukirudi kwenye Hyper Neo Geo 64, wakati nao unasumbua. Prosesa ya megahezi 100 ina mapigo takribani milioni 1.67 ndani ya kila picha, ikiwa picha ni 60 kwa sekunde, na kompyuta yako ina milisekunde 16.7 tu za kuyamaliza yote. Emuleta inayosoma amri mojamoja hutumia amri nyingi za kompyuta yako kwa kila amri moja ya mashine inayoigwa. Ndiyo maana MAME, emuleta kubwa ya mashine za michezo ya sarafu, ina njia ya kutafsiri vipande vizima vya programu ya MIPS (familia ya prosesa ambayo VR4300 ni mojawapo) kuwa amri za kompyuta yako wakati mchezo unaendelea. Hata hivyo, ninyi andikeni kwanza ile ya polepole, kwa sababu inaweza kusimamishwa kwenye amri yoyote na kukaguliwa. Kasi itafutwe baada ya usahihi kupatikana.

Prosesa hizo pia hazikai kila moja kivyake. Prosesa kuu ndiyo inayomimina programu ya sauti kwenye kumbukumbu ya V53 kabla ya kuiruhusu ianze kazi, na baada ya hapo zinapeana ujumbe. Emuleta ikiiacha moja itangulie mno kabla ya kumpa mwenzake zamu, ujumbe unaweza kupotea na mchezo ukabaki unasubiri jibu lisilokuja. Mchezo ukiganda kwenye skrini nyeusi, kagueni mawasiliano hayo kabla ya kuilaumu picha.

Mtashawishika kuchukua mbinu za emuleta za Nintendo 64 kwa sababu prosesa zinafanana. UltraHLE ya mwaka 1999 iliushangaza ulimwengu kwa kuendesha michezo ya mashine hiyo kwenye kompyuta za wakati huo, na ilifanya hivyo kwa kuzitambua kazi kubwa ambazo mchezo uliziomba kwenye chipu ya picha na kuzifanya moja kwa moja bila kuiga kila hatua. Njia hiyo inawezekana pale unapojua kinachoombwa. Kwenye chipu za SNK, kujua kinachoombwa ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu vifaa, msimbo wa MAME uko wazi; mradi huo ulianzishwa na Nicola Salmoria wa Italia mwaka 1997, na tangu 2016 unatolewa chini ya leseni huria. Historia yake nzima itamaliza bando lenu, kwa hiyo pakueni hali ya sasa tu, kwa chaguo la git, programu ya kupakua na kutunza msimbo, liitwalo --depth 1. Msijenge emuleta nzima: ongezeni SOURCES=src/mame/snk/hng64.cpp kwenye amri ya make, inayougeuza msimbo kuwa programu, na mtajenga mashine hii pamoja na vitu inavyovitegemea. Mwenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 asiruhusu kazi zaidi ya mbili kwa pamoja, la sivyo kompyuta itaganda. Umeme ukikatika katikati, make itaendelea ilipoishia, lakini faili lililokuwa linaandikwa wakati huo lifuteni kwanza.

Michezo yenyewe ina wenyewe, na hapa nchini inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kwa mazoezi, ipo michezo michache ya zamani ambayo wenye haki wameruhusu igawiwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, Robby Roto ikiwa mojawapo.

Badiliko la kwanza mtakalolipeleka kwenye mradi wowote liwe dogo, na maelezo yake yawe marefu kuliko lenyewe. Tajeni mchezo, sehemu ya mchezo, kilichoonekana kabla na kinachoonekana sasa, pamoja na michezo mingine mliyoijaribu ili kuhakikisha haikuharibika. Kama badiliko linategemea Beast Busters peke yake, liandikeni hivyo juu ya mstari wenyewe wa msimbo, ili atakayepata ushahidi mpya baadaye ajue ni mstari upi wa kuutilia shaka kwanza.