Kongo imeingia Jumuiya, mbona bado nalipishwa?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Ujiji. Napeleka chumvi ya Uvinza na mchele Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, kwa boti za Kibirizi, narudi na mawese na vitenge. Kongo imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki na marais wetu wanatembeleana, lakini bado nalipishwa kule, na nikirudi nalipishwa huku. Kuna kijana anasema nikimpa laki tatu atanitolea cheti cha COMESA cha mwaka mzima, nisilipe tena chochote. Je, nimpe?

JIBU: Usimpe, mama. Hata ya kianzio usimpe. Tanzania ilijitoa COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa hiyo hakuna ofisi yoyote ndani ya nchi hii inayoweza kukupa cheti cha COMESA kwa chumvi iliyochemshwa Uvinza. Akikuletea karatasi hiyo, ama ameichapa mwenyewe mtaani, ama ameitoa Burundi, ambayo imo COMESA na imo pia kwenye Jumuiya yetu, na ndani yake imeandikwa kwamba chumvi yako ni mali ya Burundi. Huo ni uongo wa maandishi, na jina litakalosomeka pale juu ni lako. Yeye hayumo popote kwenye karatasi hiyo.

Na hilo la "mwaka mzima" peke yake lingetosha kumtambulisha. Cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imetoka nchi gani, hutolewa kwa mzigo mmoja: magunia kadhaa, uzito fulani, ankara fulani, mnunuzi fulani. Mzigo ukishapita, cheti kimekwisha kazi. Kinachouzwa bandarini kwa bei ya mwaka si cheti cha uasili, kiwe na mihuri mingapi.

Kishoka huyo ameshapata jibu lake. Kinachoniuma zaidi ni dhana iliyokufikisha kwake, kwa sababu naisikia kila wiki, na kwa watu wenye akili zao timamu: kwamba nchi mbili zikipatana, mpaka umekwisha kodi. Marais wanapeana mikono kwenye televisheni, na kesho yake watu wanashuka Kibirizi na mizigo wakitegemea kupita kama wanakwenda Gungu.

Tuanze na tarehe. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga tarehe 8 Aprili 2022 jijini Nairobi, na uanachama wake ukaanza rasmi Julai mwaka huohuo. Saini hiyo inaifanya nchi kuwa mwanachama. Haibadilishi siku hiyohiyo jedwali la ushuru analolisoma ofisa wa forodha pale Kalemie. Ili jedwali libadilike, sheria za kodi za nchi hiyo lazima zirekebishwe, mifumo ya kompyuta iunganishwe, maofisa wafundishwe, na nyaraka zitambuliwe pande zote. Angalia wenzetu waliotangulia. Burundi na Rwanda zilijiunga Julai 2007, zikaanza kutekeleza Umoja wa Forodha Julai 2009. Miaka miwili, na hizo ni nchi ndogo zenye mipaka michache. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, na kwake safari ilikuwa ndefu zaidi. Kongo ni nchi kubwa, upande wake unaotuelekea sisi umekuwa vitani kwa miaka mingi, na vita hivyo ndivyo vilivyowakutanisha wakuu wa Jumuiya na wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, jijini Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025. Nchi yenye mzigo huo hainyooshi forodha yake kwa msimu mmoja.

Kuna wanaosema basi tutumie SADC, maana Tanzania na Kongo zote zimo. Ni kweli zimo. Lakini eneo huria la biashara la SADC lilipozinduliwa mwaka 2008, Kongo haikuingia. Kukaa kwenye jumuiya moja na kufunguliana soko ni mambo mawili, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Sasa rudi kwenye risiti zako. Nakuomba uzitoe zote, za kule na za huku, uzisome mstari kwa mstari, maana umeandika "nalipishwa" bila kusema unalipishwa nini. Ushuru wa forodha ni mstari mmoja. Kodi ya ongezeko la thamani ni mstari mwingine kabisa, na hiyo haiondolewi na Jumuiya yoyote. Tanzania ni asilimia 18, Burundi 18, Kongo 16, kule wanaiandika TVA. Hata siku ambayo ushuru wa forodha kati yetu na Kongo utakuwa sifuri kwa bidhaa zote, bidhaa yako itatozwa kodi hiyo ikiingia, kama inavyotozwa ya mfanyabiashara wa Kalemie mwenyewe, isipokuwa sheria ya nchi ile imeisamehe. Halafu kuna ada za huduma: bandari, ukaguzi wa ubora ambao kwa upande wa Kongo unafanywa na OCC, shirika lao la ukaguzi, na nyinginezo. Nimeona watu wakipiga kelele "Jumuiya imevunjwa" kwa risiti ambayo haina hata senti ya ushuru wa forodha. Na nimeona wengine wakilipa kimyakimya fedha isiyo na risiti, ambayo ndiyo ilistahili kelele.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye uasili, na hapa naomba utulie. Nafuu ya Jumuiya hupewa bidhaa iliyozaliwa ndani ya Jumuiya. Haipewi bidhaa kwa sababu mwenye nayo ni raia wa Jumuiya, wala kwa sababu imepandia boti kwenye bandari ya Jumuiya. Chumvi yako ya Uvinza haina ubishi: imetoka ardhini kwetu, imechemshwa kwetu. Mchele uliolimwa Tabora au hapa Kigoma ni hivyohivyo. Mawese yaliyokamuliwa kutoka michikichi ya Kongo nayo yana asili safi, ila lazima yaje na karatasi za kuthibitisha hilo kutoka kwao. Yakija na maneno matupu, ofisa wa TRA atayatoza kama mafuta kutoka nchi yoyote ya mbali, na hatakuwa amekuonea.

Lakini vitenge, mama! Kitenge kilichopigwa chapa China, kikashushwa Kongo, kikakaa dukani Kalemie miezi sita, hakijawa Mkongo. Kikivuka ziwa kinatozwa kwa jedwali la pamoja la ushuru la Jumuiya, lenye ngazi za 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa mia, kulingana na aina ya bidhaa, pamoja na orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi ya hapo. Cheti cha mawese hakiwezi kukibeba, hata mkifunga kwenye robota moja. Kila mara naletewa mzigo wa namna hii na mwenye mzigo amekasirika, anataja majina ya marais wawili, wakati swali la forodha ni moja tu: kitambaa hiki kilitengenezwa wapi?

Hata palipo na utekelezaji kamili wa miaka mingi, urafiki wa serikali haufuti viwango. Kenya na Tanzania zilikuwa pamoja ndani ya Umoja wa Forodha tangu ulipoanza Januari 2005, na bado Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama. Siku chache baadaye mlango ukafunguliwa, lakini kwa masharti ya kuandikishwa kwa waagizaji, cheti cha uasili, na uthibitisho kwamba sumukuvu haijazidi kiwango. Aliyekuwa na vipimo vyake alipita. Kwa hiyo usiupakie mchele wako kabla hujapata kibali cha kusafirisha nafaka nje na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Chumvi nayo iwe na madini joto na alama ya TBS, ili huko uendako usianze kubishana juu ya ubora kabla hata hujafika kwenye kodi.

Njia yako halali haina siri yoyote. Kwa mzigo unaokwenda Burundi wenye thamani isiyozidi dola 2,000, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha uasili palepale kituo cha forodha mpakani, kama Manyovu, na hulipii kitu. Mzigo mkubwa zaidi, cheti kinatoka TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo. Kwa Kongo, chukua cheti hichohicho kila safari, kisha mnunuzi wako wa Kalemie aulize forodha ya kwao kwa maandishi, kabla boti haijang'oa nanga, watakitambua kwa bidhaa ipi na kwa kiwango gani. Jibu likiwa hapana, weka ushuru huo kwenye bei yako na uuze. Biashara inayosimama kwa kudhani kwamba hutalipa haijapigiwa hesabu. Na upande wetu, fedha ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Mtu akikupa namba yake ya simu ya kutumia hela, ondoka.

Hukuuliza juu ya mzigo wa transiti, lakini najua kwamba kijana huyo, ukimkatalia cheti, atakuja na huo. Watu wa Kigoma tunaona kontena za Kongo zikishuka kwenye reli na kuingia melini bila kulipa ushuru hapa, tunasema: kumbe za Kongo ni bure. Hazilipi kwa sababu zinapita tu. Zinatoka Dar es Salaam chini ya dhamana na lakiri, yaani kifungo cha forodha kwenye mlango wa kontena, na dhamana inafunguliwa pale mzigo unapothibitika umetoka nchini. Mpango huu ni wa zamani kuliko Jumuiya zote. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo yao kwenye bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa pango la faranga 1 kwa mwaka, bila ukomo, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Nyerere aliukataa mkataba huo mwaka 1961, maana nchi huru haiwezi kufungwa milele na mapatano ya watawala wake wa zamani. Kilichobaki ni haki ya mizigo kupita. Haki ya kushushwa na kuuzwa Mwanga au Ujiji haikuwahi kuwamo.

Kwa hiyo ukiona mtu anauza sukari, mafuta ya kula au vitenge kwa bei iliyo chini ya bei ya kiwandani, akakunong'oneza kwamba "ni vya Kongo, havina ushuru", ujue lakiri imevunjwa mahali. Usimamizi wa jambo hili uko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na inamhusu anayeuza, anayebeba na anayenunua huku akijua. Mali inataifishwa, na chombo kilichoibeba kinaweza kwenda nayo. Kwa tamko la uongo, kama lile la cheti cha COMESA, kifungu cha 203 kinafika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000. Hao vijana nawaona wakibadilisha namba za simu kila msimu, wakati akina mama waliowaamini wanabaki wakizunguka ofisi kuomba mtaji wao.

Mzigo unaofuata, njoo na ankara, vibali vya mchele na risiti za safari iliyopita kabla hujalipa nauli ya boti. Nenda kwa wakala yeyote wa forodha mwenye leseni, na mwombe akuoneshe leseni hiyo. Vitenge viandikwe tamko lao peke yao.