Kwa mwanangu, kuhusu kuhesabu siku

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mjukuu wangu nimemsikia akilia kwenye simu. Sauti ya babu yake ile. Umeniuliza kama kunyonyesha kunatosha kuzuia mimba, na baada ya hapo kama kalenda inaaminika, maana sindano huitaki tena.

Kunyonyesha kunatosha mambo matatu yakiwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hapewi uji wala maji bali ananyonya tu usiku na mchana, na wewe hujaona siku zako. Moja likikosekana, kinga hakuna. Kalenda nayo inataka mzunguko wa siku 26 hadi 32, mjizuie kuanzia siku ya 8 mpaka ya 19, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya kuona damu. Wewe tangu usichana mwezi wako unakuja unavyotaka. Lakini hayo nesi atakueleza vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kujua ni kama mumeo naye atakuwa anajua leo ni siku ya ngapi. Kuhesabu siku ni kazi ya wawili.

Bibi yako unamkumbuka. Nilipojifungua kaka yako alihamia chumbani, akalala kitanda kimoja na mimi, baba yako akapelekwa chumba cha uani, mtoto asije akabemendwa, yaani akadhoofika eti kwa kuwa wazazi wamelala pamoja. Kwenye miezi minane kaka yako akaharisha, uzito ukashuka. Kliniki, yuko kwenye mzani ananing'inia, mama mmoja akasema foleni nzima isikie: "Huyo kabemendwa." Wakacheka. Mimi ambaye sijaguswa hata mkono! Hadi leo nikimwona sokoni Ngamiani nanunua nazi upande wa pili.

Mwezi uliofuata baba yako alimbeba mtoto mwenyewe. Kanzu imepigwa pasi, kadi mkononi, akasimama katikati ya kina mama mpaka zamu yake. Hakuna aliyefungua mdomo.

Habari ya kubemenda si kweli, baba na mama kulala pamoja hakuharibu maziwa wala mtoto. Ila nikikaa nikifikiri, bila lile tishio la bibi yako wewe ungemfuata kaka yako haraka, hata kabla hajaacha ziwa. Basi mila ilinisaidia? Ilinisaidia, na ikaniaibisha mbele za watu. Tena aliyejizuia ni mimi na baba yako, lakini sifa zote alichukua bibi. Ndiyo maana nasema ni kazi ya wawili.

Baadaye tukategemea kumwaga nje. Usione haya, masahaba walifanya azli zama za Mtume. Akapatikana mdogo wako. Katika wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo, 20 hivi hushika mimba ndani ya mwaka. Yeye usimwambie.

Sikwambii urudi kwenye sindano, wala sikwambii uiache. Ulimi unaniwasha, lakini ndoa ni yenu. Na vijiti vipo, na kitanzi kipo... haya, nimenyamaza.

Mtoto anatimiza miezi 6 mwezi ujao. Kabla hujamkorogea uji wa kwanza nendeni kliniki wote wawili. Mumeo akisema foleni ile ni ya wanawake, mpe simu aongee na baba yako.

Mama yako