Kwa mnaoanza kufundisha madogo maadili kwa Among Us: kazi iko kwenye kura

Wengi wanaokuja kujitolea kwenye vikundi vya vijana hapa Mwanza wakisikia tunatumia gemu la simu la Among Us wanadhani somo ni uongo, yaani tunawachezesha madogo afu mwisho tunawaambia mmeona eeh kudanganya kubaya. Nawaambia mapema hilo somo halifiki popote. Dogo wa miaka 14 kaambiwa kudanganya ni kubaya tangu chekechea, wewe ukimrudia Jumamosi humwongezei kitu. Somo liko kwenye kura, kwenye zile dakika chache ambazo watu kumi wamekaa wanaamua nani atolewe na karibu wote hawana uhakika.

Kwa asiyelijua gemu lenyewe, limetengenezwa na Innersloth wa Marekani, lilitoka 2018 likakaa kimya hadi 2020 wakati wa korona ndo likalipuka dunia nzima. Mnacheza kuanzia watu 4 hadi 15, mko kwenye chombo cha angani, kila mtu ana kazi zake ndogondogo, kuunganisha nyaya, kuswaipu kadi, kumwaga taka, ila mmoja wenu au wawili au watatu ni maimposta, wao kazi yao ni kuua wenzao kimyakimya na kuharibu vitu, wanazima taa, wanaharibu oksijeni, wanapita kwenye matundu ya hewa ambako wengine kwa kawaida hawapiti. Mtu akikuta maiti anaripoti, au akiwa na mashaka anabonyeza kitufe cha dharura, wote mnakaa kikao, mnabishana, mnapiga kura. Mwenye kura nyingi anarushwa nje. Kura zikilingana harushwi mtu. Wema wanashinda wakimaliza kazi zote au wakiwatoa maimposta wote, na maimposta wanashinda idadi yao ikilingana na ya waliobaki.

Sasa angalia kinachotokea kwenye kikao cha kwanza na kundi jipya. Karibu kila mara anatolewa mkimya. Kuna siku tulikuwa na kijana mgeni, ametoka Ukerewe kuja kuishi kwa mjomba wake Kirumba, haongei sana, bado hajawazoea wenzake. Maiti imepatikana, mmoja akasema huyu yuko kimya sana ndo yeye, mwingine akadakia eeh hata mi namhisi, sekunde chache tu kura zote zimemwangukia, anajaribu kusema alikuwa anaunganisha nyaya hakuna anayesikiliza, wanacheka. Skrini ikaandika hakuwa imposta. Hapo usiruhusu raundi iendelee haraka, waambie waweke simu chini. Afu muulize mmoja mmoja, we uliona nini? Kundi lile hakuna aliyeona kitu, na binti mmoja akajibu ukweli mtupu, "Mi nilifuata tu, niliona wote wanampigia."

Jibu hilo lina thamani kuliko hotuba yoyote utakayoandaa. Kuanzia hapo unaweza kwenda nao mbali, na mi ushauri wangu usiogope kwenda mbali. Waulize wameshaona mtu anaitiwa mwizi mtaani. Wote wameona, awe wa Igoma awe wa Mabatini, wanajua jinsi mtu mmoja anavyopiga kelele na kabla hajajulikana kaiba nini kwa nani mawe yameshaanza, kesho yake redioni utasikia wananchi wenye hasira kali. Waulize wangapi kati ya wale waliorusha mawe walimwona anaiba. Wakishatulia waeleze, kama umri unaruhusu, habari za wale bibi zetu wa huku Usukumani waliokuwa wanauawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu macho yao mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi, kupika miaka yote kwa kuni na mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Madogo wa huku hizi habari si ngeni kwao, wengine zimegusa koo zao, kwa hiyo ongea taratibu na usimtaje mtu wala kijiji. Ila waone kwamba njia ni ileile, mtu anatofautiana na wenzake kidogo, mmoja anamnyooshea kidole, waliobaki wanafuata.

Ili isibaki kuwa simulizi ya kuhuzunisha tu, wape kanuni ya kutumia raundi inayofuata. Yetu ni hii, kabla hujamtaja mtu sema kwanza: umeona, umesikia, au unahisi. Nimemwona anatoka kwenye tundu, hiyo umeona. Fulani kaniambia alikuwa karibu na maiti, hiyo umesikia. Yuko kimya, hiyo unahisi. Hakuna anayekatazwa kuhisi, na kwenye gemu mara nyingine hisia inapatia, ila ni lazima uitaje kama hisia. Utashangaa kikao kinavyobadilika, kelele zinapungua, wanaanza kuulizana ulikuwa chumba gani, ulikuwa na nani, taa zilikuwa zimezimwa wewe uliwezaje kumwona. Na wafundishe kwamba kuskipu kura, yaani kutompigia mtu yeyote, ni uamuzi kamili, sio uoga. Dogo anayeweza kusema mbele ya wenzake tisa "mi sina ushahidi naskipu" huyo mpongeze waziwazi, kwa sababu ni kitu kigumu hata kwa sisi watu wazima kwenye vikao vyetu vya ukoo.

Mipangilio ya gemu nayo ni somo, wengi hawaigusi. Ongeza muda wa majadiliano, uliokuja na gemu ni mfupi mno kwa watu wanaojifunza. Anza na imposta mmoja. Kuna sehemu ya kuficha nani kampigia nani kura, cheza raundi kadhaa majina yakionekana afu ficha, wasikilize wenyewe watakwambia walivyokuwa wakali zaidi walipojua hawaonekani, kutoka hapo mnaweza kuongelea akaunti feki za kutukania watu mitandaoni bila hata kubadilisha mada. Na kuna sehemu ya kuzima ule ujumbe unaosema aliyetolewa alikuwa imposta au hakuwa. Izime. Hii ndo naipenda kuliko zote. Wamemtoa mtu na hawajui kama walipatia, inabidi waendelee kufanya kazi na hiyo hali, na hapo ndo utaona nani anasumbuka na nani kashasahau.

Swali la uongo litakuja tu, sanasana kwa wazazi, mchungaji au ustadhi, mbona mnawafundisha watoto kuua na kudanganya. Usilijibu kwa kukasirika maana ni swali la haki. Mi huwa naeleza hivi: kwenye gemu wote tumekubaliana tangu mwanzo kwamba mmoja wetu atapewa nafasi ya kuficha, hakuna aliyekuja bila kujua, na gemu likiisha kila mtu anajua nani alikuwa nani. Uongo wa kweli ni ule unaovunja makubaliano. Dogo anayechungulia simu ya jirani, aliyekufa akamnong'oneza rafiki yake nani kamuua, aliyetuma meseji ya WhatsApp katikati ya kikao, hao ndo wamedanganya wenzao, na hao ndo wa kusimamisha mchezo kwa ajili yao. Madogo wenyewe wanaielewa hii tofauti haraka sana. Na kama kuna ambaye imani yake haimruhusu kabisa kushika nafasi ya imposta usimlazimishe, gemu linagawa nafasi kwa bahati huwezi kumzuilia, kwa hiyo huyo mfanye mwangalizi wa kikao, ndo anayesimamia ile kanuni ya umeona umesikia unahisi. Ni kazi ya heshima, wenzake watamgombania.

Mambo ya vifaa nipite haraka. Kwenye simu ni bure ila kuna matangazo. Tumia njia ya kucheza na watu walio karibu (Local), wote mnaunga kwenye hotspoti moja mnakaa chumba kimoja, bando haliliwi na hakuna mtu wa nje anayeingia, madogo usiwaachie kabisa kucheza mtandaoni na wasiowajua kwenye kipindi chako. Hakikisha simu zote zina toleo moja la gemu la sivyo hazionani, na hilo lifanyeni kabla ya siku yenyewe. Njooni na simu zimejaa chaji.

Simu zikiwa chache msiahirishe. Mchezo wa namna hii ni wa zamani kuliko simu janja, Mafia ulibuniwa na Dimitry Davidoff, Mrusi, pale Chuo Kikuu cha Moscow miaka ya 1980, na kilichohitajika ni watu na vikaratasi. Ukiwa huko visiwani au mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, ambako madogo wengi hawana simu, gawa vikaratasi, chombo cha angani kifanye mtumbwi wa dagaa, usiku wote wanafumba macho, imposta peke yake anafumbua na kuonyesha kimya wa kumuua, asubuhi nahodha, yaani msimamizi, anatangaza nani hayupo. Unafanya kazi vilevile, na mi naona kutazamana usoni unavyomtuhumu mtu kunafundisha zaidi.

Mtumbwi utakuletea pia mjadala mgumu kuliko wote. Kwenye gemu kuna yule anayemwona rafiki yake akiua afu anamtetea kikaoni. Kwa watoto wa wavuvi hiyo si hadithi, wanajua nani anavua usiku kwa kokoro, ule wavu wa kukokota, wanajua kokoro limepigwa marufuku kwa sababu linakomba hadi vifaranga vya sato na sangara, na mwenye kokoro anaweza kuwa baba mdogo anayewalipia ada. BMU, kile kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni, wakiuliza, unasema? Tuliporusha hilo swali walibishana mpaka giza likaingia, mmoja anasema damu kwanza, mwingine anasema samaki wakiisha hiyo ada italipwa na nini, dada mmoja akasema ningeanza kwa kuongea na baba mdogo mwenyewe kwanza. Usiwakatie jibu na usiwaombe wataje mtu, hiyo isimamie kwa nguvu zote maana ukiteleza hapo unaweza kumletea mtoto matatizo nyumbani. Waache waondoke nalo, wiki inayofuata anza nalo kabla hujawasha hotspoti, uliza nani amebadilisha mawazo na nini kimembadilisha.