Ukoo wa Anthony Johnson wa Virginia: pa kuanzia

Dada, umeuliza uanzie wapi kuutafuta ukoo wa Anthony Johnson, Mwafrika aliyemiliki shamba Virginia. Sensa achana nayo; ya kwanza Marekani ni ya 1790, naye alifariki 1670. Anza na hati za ardhi: 1651 alipata ekari 250, yaani ekari 50 kwa kila mmoja wa watu watano waliohesabiwa kuletwa naye Virginia. Kisha majalada ya mahakama ya Northampton, kaunti ya Virginia, yaliyotunzwa mfululizo tangu 1632. Humo ndimo utawaona wanawake wa ukoo: baada ya shamba kuungua, 1653, mkewe Mary na binti zao wawili walisamehewa kodi maisha yao yote. Halafu hamia Maryland. Mjukuu wao John alinunua shamba huko 1677, akaliita Angola. Hilo jina lilinigusa mno.