Lenovo haikuanzishwa na IBM
Wapo wanaodhani Lenovo, kampuni ya kutengeneza kompyuta, ilianzishwa na IBM ya Marekani. Hapana, ni ya Wachina tangu mwanzo. Liu Chuanzhi na wenzake kutoka Akademia ya Sayansi ya China waliianzisha Beijing mwaka 1984, ikajulikana kama Legend. Jina Lenovo lilikuja 2003. Kinachowachanganya wengi ni ThinkPad, aina ya laptopu. Hiyo kweli ilikuwa ya IBM, hadi Lenovo ilipokinunua kitengo chao chote cha kompyuta za mezani na laptopu. Kampuni zote mbili zilitangaza mauzo hayo Desemba 2004, yakakamilika Mei 2005.

Ila tusivuke mpaka tukadhani kila kitu ndani yake ni cha China: laptopu nyingi za Lenovo bado zinatumia prosesa za Intel au AMD na Windows ya Microsoft, kwa hiyo sehemu nyeti kabisa bado ni teknolojia ya Marekani.